Dalia za Malindi: nazigawa zikiwa ardhini, jembe halihusiki

Kila kaskazi ikishika watu huniuliza swali lile lile, mbona dalia zako, haya maua yenye viazi chini, hujazing'oa, na jibu langu ni lile lile, sizing'oi. Hii habari ya kung'oa dalia, kuziosha, kuzianika, kuzifunga kwa gazeti na kuziweka kabatini mpaka msimu mwingine imetoka nchi za baridi kali, huko ambako ardhi inaganda na kiazi cha dalia kikiganda kimekwisha, kinakuwa rojorojo. Wenzetu wana sababu yao. Sisi barafu tunaiona frijini na kwenye masanduku ya samaki, kwa hivyo mtu akibeba jembe mwezi wa Disemba akachimbe dalia kwa sababu ameona vidio ya mtu wa Uingereza akichimba, mimi humuuliza tu, we unaikimbia baridi gani hapa Malindi?

Kitu kilichonifungua macho ni kujua kwao dalia ni wapi. Kwao ni Meksiko na nchi jirani za hapo Amerika ya Kati, upande wa milimani, na Meksiko wamelifanya ua la taifa tangu 1963. Jina lenyewe la dalia ndio la Ulaya, lilitolewa Madrid 1791 na Cavanilles kumuenzi mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Anders Dahl, lakini mmea ulikuwa na wenyewe zamani na viazi vyake vilikuwa vikiliwa. Sasa huko milimani Meksiko mvua inanyesha miezi fulani halafu inakata kabisa, ardhi inakauka, mmea unakufa juu, kiazi kinalala chini kikingoja mvua nyingine. Hakuna anaekuja kukichimba! Kinacholaza dalia kwao ni ukavu. Na ukavu sisi tunao, Januari mpaka Machi hapa kwetu jua linapiga mpaka mchanga unaunguza nyayo. Nikaona bas, kazi ya kuzilaza dalia kaskazi itanifanyia yenyewe, mimi niache kumwagilia tu.

Mbegu zangu za kwanza zilitoka kwa wifi yangu anaekaa Limuru, huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na dalia zinamea kando ya kila ua wa nyumba kama hazina mwenyewe. Alinipa viazi mfukoni na wasia mmoja, ukipanda usimwagie maji mpaka uone kichipukizi. Wasia mzuri sana huo, na unashika huku pia, manake kiazi ambacho hakijatoa mizizi hakina cha kufanyia maji, kinaoza tu.

Lakini udongo wa Limuru ni mwekundu, mzito, unashika maji, na wangu hapa Muyeye ni mchanga, ukienda chini kidogo unagonga jiwe la matumbawe. Mchanga huu una tabia moja, ukiulima haukushukuru. Ukiugeuza kwa jembe ile mboji kidogo uliyohangaika kuiweka inapata hewa na joto kwa pamoja, inaoza haraka mno na kuisha, unyevu uliokuwa chini unapanda juu na kupotea hio hio siku, na nyuzi za kuvu zile nyeupe ambazo ziko kwenye mizizi zinasaidia mmea kupata chakula zinakatikakatika. Mzee mmoja jirani, Mgiriama, ana shamba lake upande wa Ganda, alinikuta nimeinama nachakura kwa vidole akasimama kunitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sasa wewe wapanda ama watafuta shilingi iliyoanguka?"

Nikamwambia natafuta jicho la kiazi. Akacheka, lakini hakuondoka, na ndie aliyenisaidia kuelewa kitu ambacho vitabu na vidio vinakizungusha sana. Nilikuwa namueleza kwamba dalia haioti kama kiazi ulaya, huwezi kukata kipande popote ukapanda, akasema basi hio ni kama muhogo, muhogo wenyewe ukiuzika hauoti, kinachoota ni kijiti. Ndio hivyo hasa. Kiazi cha dalia ni mzizi ulionenepa, ni ghala tu. Macho yako juu kabisa, kwenye kichwa, pale viazi vyote vinapokutana na shina. Kiazi kikiwa kinene kizuri cha kupendeza lakini hakina kipande cha kichwa chenye jicho, hicho ni tasa, kitakaa mchangani mwaka mzima kikiwa kibichi na hakitatoa kitu. Na baina ya kiazi na kichwa kuna shingo, nyembamba, ikivunjika au hata ikipinda tu ikapata ufa ndani, kiazi hicho kitupe.

Ukishaelewa hapo utaona kwa nini jembe ni adui. Ukichimba tumba zima, yaani fungu lote la viazi, na foku ukalibinua, uzito wa viazi wenyewe unavunja shingo, unatoka na viazi kumi na vizima ni vitatu. Kikikaa ardhini mchanga unakishikilia pande zote. Na mchanga wetu kwa hili ni neema, unapeperuka kwa vidole bila nguvu, mtu wa udongo mzito pengine hatoweza kufanya hivi ninavyofanya.

Mimi huanza mwisho wa Machi, kabla masika haijafika. Mashina yameshakauka, nayakata nikibakisha urefu wa kiganja, halafu naziacha wiki moja au zaidi kidogo, kwa sababu ukiondoa juu macho ya chini yanaanza kuvimba na ndio utayaona vizuri, bila hivyo yamelala bapa na hata mwenye macho mazima anahangaika. Siku ya kugawa nasogeza matandazo, yale majani makavu niliyotandaza juu ya ardhi, upande mmoja tu wa mmea, narudia, upande mmoja, ule mwengine siugusi. Nachakura kwa vidole kufuata shina mpaka nifike kwenye kichwa, halafu nachukua mswaki mkuukuu napangusa mchanga polepole mpaka nione vijidoa vya pinki au kijani. Hayo ndio macho. Nikipata kiazi cha pembeni chenye jicho lake juu, napitisha vidole chini yake kwa urefu wote kukikagua, kimeelekea wapi, kimepishana na kingine ama la, ndio naingiza kisu. Kisu chembamba kikali, nakata kichwa kukatisha, kipande kitoke na jicho na shingo na kiazi chake pamoja. Sivuti! Nakitoa kwa kukisukuma kutoka chini na mchanga wake.

Kwa mmea mmoja nachukua viwili, vikizidi sana vitatu. Mama anabaki pale pale na nusu yake ya mizizi haijajua kama kuna kitu kimepita. Palipokatwa napaka jivu la jikoni, na narudisha mchanga ule ule na matandazo yale yale. Wengine hupaka mdalasini, sawa, lakini mdalasini nautia kwenye pilau.

Kisu nakifuta na spiriti baina ya mmea na mmea, hili sina mzaha nalo. Dalia zina virusi vyake, majani yanafanya mabaka ya njano kufuata mishipa na mmea unadumaa, na virusi hivyo husambazwa na vidukari na visu vya watu wavivu. Hakuna dawa. Vile vile ukikuta uvimbe kama koliflawa hapo kwenye kichwa, au vichipukizi vingi vifupi vinene vimejibana pamoja havikui, hio ni bakteria, na huo mmea unaondoka wote na mchanga uliouzunguka, haugawanywi. Hapo ndio mahali pekee ambapo mimi mwenyewe nitachukua sepetu bila kufikiri mara mbili.

Kupanda hicho kipande kipya pia hakuhitaji kulima. Nafunua matandazo, natia panga mchangani nalisukuma huku na huku mpaka tundu lipatikane la kutosha kiazi kulala, kina cha kama sentimita 15, kwa sababu mchanga wa juu huku ni moto, nakilaza ubavu jicho likitazama juu, nafukia. Kabla sijafukia nasimika kabisa fito ya kuja kufungia mmea. Watu huacha hili mpaka mmea uwe mkubwa na kusi imeshaanza kuulaza chini, halafu wanasimika mti kwa nguvu na unapita katikati ya kiazi, wanashangaa mmea umenyauka upande mmoja.

Kuna njia nyingine ambayo haigusi ardhi hata kidogo na kama ndio unaanza ningekushauri uanze na hio. Mvua za mwanzo zikishuka dalia hutoa machipukizi mengi zaidi ya inavyohitaji. Yakifika urefu wa kidole, sentimita 8 mpaka 10, unafukua kidogo tu chini yake kwa kidole, unakata chipukizi pamoja na kigamba chembamba cha pale lilipotokea, unatoa majani ya chini, unachomeka kwenye kikopo cha mchanga wa mtoni uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi. Unafunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, unaweka kivulini, baada ya wiki mbili tatu ukivuta kidogo unahisi limeshika. Usingoje chipukizi lirefuke, kwa sababu shina la dalia likikomaa linakuwa tundu ndani na halitoi mizizi tena, linaoza hapo kikoponi. Na mama ukimkata chipukizi hakasiriki, anatoa mengine. Mimi rangi ya zambarau iliyoiva ambayo kila mtu anaitaka naizidisha kwa njia hii, sijawahi kuikata kiazi.

Tena sisi tuna bahati fulani ya mahali tulipo. Dalia huanza kunenepesha viazi mchana ukiwa mfupi, kuanzia masaa 12 kurudi chini, na hapa karibu na ikweta mchana wetu hautoki sana kwenye hayo 12 mwaka mzima. Kwa hivyo hata chipukizi lililochomekwa mwezi wa Mei likifika kaskazi limeshajiwekea viazi vyake vya kulalia. Hasara yake ni kwamba mmea hauwi mrefu kama wa nchi ambazo kiangazi mchana ni masaa 16, kwa hio ukiona picha ya dalia inampita mtu kimo usijilaumu.

Sasa matandazo. Bila matandazo haya yote ninayosema hayafanyi kazi, manake kama hulimi lazima kitu kiwe juu ya ardhi kinaoza polepole kikaenda chini, ndio jembe lako hilo. Majani ya mvinje tunayo mengi, watu wa majumba ya kule Casuarina wanayafagia na kuyachoma moto kila asubuhi, nikimuomba mlinzi gunia ananishukuru yeye. Yanakaa vizuri, hayapeperuki, majani ya magugu hayapenyi kwa urahisi. Nachanganya na makumbi yaliyopasuliwa na samadi ya mbuzi iliyokaa ikapoa, ile mbichi inaunguza. Unene ni vidole vinne lakini usilifunike shina lenyewe, acha duara wazi, hapo kwenye kichwa pakikaa unyevu daima patafanya kuvu. Na kile kipande cha shina nilichobakisha, kwa kuwa ni tundu, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani moja kwa moja mpaka kwenye kichwa, kwa hivyo nakivika kifuu cha nazi. Watu wanaopita wakiona bustani imejaa vifuu vimefunikwa chini wanadhani ni uganga, na nimeona hata watoto wa mtaa wanapita mbali, sijawaeleza, afadhali wapite mbali hivyo hivyo.

Wadudu sasa. Wanaouza hii mbinu ya kutolima huwa hawasemi kwamba matandazo ni hoteli ya konokono. Hawa konokono wetu wakubwa, Achatina, asili yao ni hapa hapa Afrika Mashariki na wamesambaa mpaka Asia na Marekani wakawa balaa, na wanapenda kichipukizi cha dalia kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda. Usiku mmoja wa mvua unatosha kumaliza macho yote uliyoyachunga. Jivu linasaidia likiwa kavu, likinyeshewa ni tope tu. Dawa yangu ni tochi na ndoo baada ya isha, wiki zile za mwanzo za masika, na kuyasogeza matandazo mbali na vichipukizi mpaka vifike urefu wa shibiri, ndio nayarudisha. Mchwa nao huja kula makumbi makavu, lakini nikichanganya majani ya mwarobaini wanapungua, na sijawaona wakila kiazi kibichi. Minyoo fundo ipo kwenye mchanga wote wa huku, mizizi inafanya vinundu na mmea unanyauka mchana hata kama una maji. Hapo kutolima hakukuponyi, hamisha mmea, pale ulipokuwa panda maua ya njano ya namna ya Tagetes (marigold), yale yenye harufu kali ambayo watu huyatia mipakani, uyaache msimu mzima.

Maji ni jambo linaloamua kama utapata maua ama majani. Kisima changu kina chumvi, ukionja kidogo tu unajua, na dalia haipendi chumvi, kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Mvua nakinga kwenye tangi na hayo ndio ya dalia, ya kisima ni ya minazi na mibono. Yakiisha natumia ya mfereji, lakini taratibu, mara mbili kwa wiki na ya kutosha kushuka chini, si kunyunyiza kila jioni juu juu. Chini ya matandazo mchanga unakaa na unyevu kuliko unavyodhani, chomeka kidole uone kabla hujabeba ndoo.

Kuna kitu naona watu hawakubaliani na mimi na sina shida nao. Shangazi yangu ana dalia zake Shela, kila mwaka anachimba zote, anazipanga barazani kwenye mkeka, anazigawa akiwa amekaa na chai, anasema anaona anachokifanya. Maua anapata. Lakini kila mwaka anatia samadi mikokoteni kwa sababu mchanga wake haubaki na kitu, na viazi vyake vingi vinasinyaa hapo barazani, upepo wa kaskazi unavikausha mpaka vinakuwa makunyanzi kabla ya kurudi ardhini. Nilipomwambia, alinijibu, "Mwanangu, mimi nazijua zangu kwa sura." Bas, nikanyamaza, na chai nikanywa.

Ila na mimi siwezi kuziacha bila kugawa milele. Mmea usipoguswa misimu mitatu minne unajibana, mashina yanakuwa mengi membamba, maua yanapungua ukubwa, na katikati ya tumba viazi vizee vinaanza kuoza. Ndio maana nazungusha, mwaka huu nakata upande wa bahari, mwaka ujao upande wa bara, kiasi kwamba baada ya muda tumba zima limekuwa jipya na halijawahi kutoka shimoni. Viazi vizee laini nikikutana navyo natoa kwa vidole, vikiwa vigumu naviacha.

Kwa wanaotaka kuanza, usiende kununua zile za maua makubwa kama sahani. Zinachanua, lakini joto letu la usiku linazitesa, zinatoa katikati wazi na petali chache, na shingo za maua zinainama. Chukua zile za maua madogo, za duara kama mpira mdogo au zile za petali safu moja, hizi zinavumilia na nyuki wanazipenda. Panda mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, mimi zangu ziko mashariki ya ukuta na mwembe unazikinga kuanzia saa nane. Ukiona jozi ya nne ya majani kata ncha ya juu, mmea utatanuka. Maua utayaona Julai kuendelea, kusi ikiwa imepoza usiku, mpaka Oktoba kama vuli haijazipiga sana.

Wifi yangu mwaka huu amenitumia ujumbe anataka ile ya njano irudi Limuru, yake imeoza, mvua za huko zilituama kwenye udongo wake mzito wiki kadhaa. Nimemwambia angoje mpaka Machi, upande uliobaki kukatwa ni wa kaskazini na macho yake bado hayajavimba.